Skrini 150%: programu nyingine safi, nyingine ukungu, na HDR siioni

Kizibo_Wazi
Wakuu, salaam. Natumia GNOME 48, mazingira ya dawati ya Linux, kwenye laptopu, nimeunganisha monita ya 4K ya inchi 27 kwa waya wa HDMI. Nimeweka ukuzaji 150%. Kidirisha cha mafaili na kivinjari maandishi yamekaa kama ya kitabu kipya. Programu yangu ya gumzo ndiyo ina ukungu, mpaka nilifuta miwani kwanza nikidhani ni mimi. Halafu swichi ya HDR (mwanga na rangi pana kuliko kawaida) haipo kwenye mipangilio, na boksi la monita limeandikwa HDR kwa herufi kubwa. Rafiki yangu ana GNOME hiyo hiyo na monita hiyo hiyo, kwake swichi ipo. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_X
Rudi X11, mfumo wetu wa zamani wa madirisha, ulale usingizi.

Fundi_Pikseli
Mzee, heshima yako, lakini X11 ndiyo itamharibia zaidi. Kule HDR asahau, na kila monita kuwa na ukuzaji wake ni kuungaunga tu.

Mkuu Kizibo, una matatizo mawili yasiyojuana. Ukungu kwanza. Kwenye Wayland, mrithi wa X11 unaoutumia wewe, programu inajichorea dirisha lake yenyewe. Kompozita, ambayo kwako ni Mutter, inayapanga madirisha na kuyapeleka kwenye kioo. Mutter inaiambia programu "hapa ni 1.5", na programu inayoelewa inachora pikseli za kutosha. Itifaki ya kutaja ukuzaji wenye desimali ilikuja mwishoni mwa 2022. Kabla yake ilikuwa namba kamili tu, 1, 2 au 3, basi. Gumzo lako nahisi linapitia XWayland, daraja la programu za X11 ndani ya Wayland, ambako neno hilo halifiki. Linachora picha ndogo, Mutter inaivuta. Ukivuta picha ndogo unategemea nini?

Fungua terminali uandike `xlsclients`. Kila jina litakaloonekana hapo liko XWayland. Kama gumzo lako limejengwa kwa Electron (kiunzi cha programu chenye kivinjari ndani yake), liwashe na `--ozone-platform=wayland`.

HDR ni kesi ya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya michoro. Monita hujitangaza kupitia EDID, maelezo yake inayoyatuma kwenye waya (nyingine hazijitangazi mpaka uwashe HDR kwenye menyu yake, angalia hilo pia). Lakini draiva iliyo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, lazima nayo iweke kwenye tundu ulilochomeka waya sifa inayoitwa HDR_OUTPUT_METADATA. Isipokuwepo, Mutter haina pa kuikabidhi HDR, hivyo inaificha swichi. Sakinisha `drm_info`, inayoorodhesha sifa za kila tundu, uitafute hiyo sifa. Na swali moja: laptopu yako ina kadi mbili za michoro?

Kizibo_Wazi
Mbili, ndiyo. Kumbe inahusu?

Fundi_Pikseli
Inahusu sana. Laptopu nyingi za namna hiyo, tundu la HDMI limefungwa kwenye kadi kubwa, la USB-C kwenye kadi ndogo. Kadi mbili, draiva mbili, kwa hiyo ni kama kompyuta mbili ndani ya ganda moja. Hamisha waya.

Kizibo_Wazi
Mkuu! `drm_info` kwenye HDMI haionyeshi kitu, kwenye USB-C sifa ipo, na swichi imejitokeza. Gumzo nalo limenyooka. Ila nimewasha HDR, nimefungua filamu ya HDR, rangi ni zile zile.

Fundi_Pikseli
Kicheza video chako hakijasema kwamba picha yake ni ya HDR. Mutter haibahatishi, dirisha lisilojitambulisha inalichukulia kama la kawaida. Itifaki ya kujitambulisha rangi ilikubaliwa mwanzoni mwa 2025 tu, si programu zote zimeifikia. Jaribu kicheza video cha mpv, toleo 0.40 au la mbele yake.

Kizibo_Wazi
mpv imekubali, jua la kwenye filamu limenichoma macho. Imebaki programu moja ya zamani ya kuchora ramani, iko kwenye orodha ya `xlsclients` na haina cha kuwasha.

Mzee_wa_X
Hiyo niachie mimi.