Mnataka serikali iokoe kampuni za magari? Kiwanda cha sukari cha Mumias hakikuwafunza kitu?

Nimechoka na hii maneno ya serikali iingize pesa kwa kampuni za kuunda magari hapa Kenya, ati kwa sababu ni zetu na zikifunga vijana watakosa kazi. Mimi niko Nakuru, naunda bodi za matatu na lori, kwa hivyo asije mtu kuniambia sijui uchungu wa kiwanda cha nyumbani kikifa, chesisi moja (gari bila bodi) ikiingia hapa kwetu anakula wa kuweldi, anakula wa rangi, anakula mama wa kibanda. Lakini pesa ya ushuru kupewa mkurugenzi mkononi halafu tuanze kuomba Mungu, hapo nakataa kabisa!

Mumias walipewa mabilioni ya serikali, na si mara moja. Septemba 2019 bado benki ya KCB wakaingia kukishika kiwanda kwa sababu ya deni, na wakulima waliokuwa wamepeleka miwa wakabaki wakidai. Sasa niambieni nani aliokolewa pale? Mkulima? Kibarua wa kukata miwa? Watu wa magharibi wanajua hii stori, Webuye nao kiwanda chao cha karatasi, Pan Paper, kilizimwa 2009 ahadi zikaendelea tu kumiminika mpaka 2016 kikauzwa shilingi milioni 900, mji mzima ukiwa umeshalala njaa.

Halafu kuna wale wa "mbona Marekani iliokoa General Motors na Chrysler". Sawa, leteni hiyo stori YOTE. Mwisho wa 2008 Bush aliwapa mkopo wa dola bilioni 17.4, wakaambiwa walete mpango. Machi 2009 Obama akaangalia mpango akaukataa, na mkubwa wa GM, Rick Wagoner, akaambiwa atoke. Kampuni zote mbili zikapelekwa kortini kwa kufilisika, wenye hisa za zamani za GM wakapoteza, serikali ikachukua kama asilimia 60 ya GM mpya na ikaja kuuza hisa za mwisho Desemba 2013. Hata hivyo walipa ushuru walipata hasara ya mabilioni ya dola. Hapa kwetu nani amewahi kufukuzwa kwanza ndio pesa itoke? Mnataka ile tamu peke yake.

Na Uingereza je? British Leyland, kampuni yao kubwa ya magari, ilichukuliwa na serikali 1975, wakamwaga pesa miaka na miaka, na kilichobaki, MG Rover, kikaanguka 2005. Hao Leyland ndio walianzisha kiwanda cha Thika tunachokiita KVM (Kenya Vehicle Manufacturers) leo, na serikali yetu ina asilimia 35 pale! Mwenye hisa si anunue kwanza magari ya kiwanda chake? Wakubwa wanapita hapa barabara kuu na ving'ora, Prado na V8 zimetoka Japani, wakishuka jukwaani wanatuhubiria viwanda vya nyumbani. Mobius, kampuni ya kuunda magari ya hapa nyumbani, wakatangaza 2024 wanafunga, ndio watu wakashtuka, na wakati gari zao zilikuwa zinatafuta wanunuzi hao wote walikuwa wapi??

Kiwanda cha magari kinataka oda. Oda ya ambulensi, ya lori, ya basi za shule, ya miaka kadhaa ili mtu ajue atanunua vyuma kiasi gani, na ilipwe kwa wakati. HILO LA KULIPA NDIO KUBWA. Sisi hapa tulifanyia ofisi moja ya umma kazi, LPO (ile karatasi rasmi ya oda) iko, gari zilichukuliwa zikiwa safi, tukizungushwa njoo kesho njoo wiki ijayo mpaka ikabidi tuwaachishe vijana kazi, na benki haingojei. Hakuna mtu alisema tuokolewe na wala hatukuomba, tulidai haki yetu tu.

Kama lazima pesa itoke, serikali ichukue hisa, wakurugenzi watoke, na wafanyakazi na waliouza spea walipwe kabla ya benki. Mbunge asiyeweza kuandika hayo kwa mswada asituletee kelele za kuokoa.

Walio Thika na Mombasa kwa laini ya kuunganisha magari, semeni hapa: oda za serikali mnaziona, na mnalipwa baada ya muda gani?