Ninazo mbili, nataka ya tatu. Mpenda baiskeli anahitaji ngapi hasa?

Pedali Nzito (mtoa mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, na naomba uje mapema maana nina hadi Jumamosi tu.

Napanda karibu kila siku. Ninazo mbili. Ya kwanza ni ya mbio, saizi 52, breki za kubana ringi, na haipokei tairi pana kuliko milimita 25. Ya pili ni ya mlimani ya zamani, magurudumu ya inchi 26, foku ya springi. Sasa nataka ya tatu, zile za changarawe zenye usukani wa kupinda na breki za diski. Nyumbani wanasema mbili zimeshazidi. Mimi naona kila moja ina kazi yake. Tuambiane ukweli: mtu anayeipenda baiskeli kwa dhati anahitaji ngapi, na kwa nini? Jambo hili linaninyima usingizi.

Spoki Imara

Mkuu, anza na njia unazopita, idadi itajileta yenyewe. Baiskeli zinatofautiana kwa mambo manne: nafasi ya tairi kwenye fremu na foku, mkao wa mpandaji, wepesi wa gia ya chini kabisa, na matundu ya kufungia madigadi na karia. Uzito na rangi vinafuata nyuma sana.

Lami safi inataka tairi la milimita 28 hadi 32. Changarawe 40 hadi 45. Mawe na mizizi, inchi 2.2 hadi 2.4, yaani kama milimita 56 hadi 61. Fremu inayopokea 45 unaivisha 30 na unakwenda nayo lami siku nzima. Fremu inayoishia 25 haina namna ya kubeba 40. Kwa hiyo baiskeli moja ya changarawe yenye seti mbili za magurudumu inabeba kazi ya baiskeli mbili.

Ila seti mbili zina masharti. Habu za nyuma (vitovu vya magurudumu) ziwe na upana mmoja na mfumo mmoja wa kushika kaseti, yaani lile rundo la meno ya gia za nyuma. Diski nazo zikae mahali pamoja: ikitoka nje hata nusu milimita inasugua pedi, na utakuwa unalegeza kalipa (kile kibanio cha breki) na kuipanga upya kila ukibadilisha gurudumu. Dawa yake ni shimu, yaani pete nyembamba, chini ya diski za seti moja mpaka zilingane na za nyingine. Halafu cheni. Ni moja, inazunguka kwenye kaseti mbili. Ukitumia seti moja miezi mingi mpaka cheni ikarefuka, siku ukiweka seti nyingine unailisha kaseti mpya cheni mbovu. Ukibadilisha cheni, ile mpya inaanza kuruka meno ya kaseti ya zamani ukikanyaga kwa nguvu. Badilishana seti mara kwa mara na pima cheni. Kwa rula ya chuma, chagua pini moja, hesabu 24 zinazofuata: cheni mpya ni milimita 304.8. Ikifika kama 306.3 imerefuka asilimia 0.5, na kwa gia 11 au 12 hapo ndipo pa kubadilisha. Kwa gia 10 kushuka chini unaweza kusubiri 0.75.

Mama Tandiko

Mimi nasimama na watu wa nyumbani kwako. Baiskeli isiyopandwa haitulii tu pale ukutani, inaharibika. Maji ya kuziba matobo ndani ya tairi lisilo na tyubu hukauka ndani ya miezi miwili hadi sita kutegemea joto, yakabaki mabonge mabonge, na valvu ikaziba. Tyubu ya kawaida inapungua upepo taratibu, tairi linakalia ubavu wake na ubavu unapasuka nyufa. Foku ya springi isiyosukumwa, raba zake za juu hukauka, na siku ukiipanda mafuta yanavuja. Cheni unaijua.

Kabla hujaongeza ya tatu jiulize kama hizo mbili zinapata saa moja ya matunzo kila wiki. Kama hazipati, ya tatu unailetea mateso. Nasema hivi kwa upendo.

Gia ya Juu

Wapanda baiskeli duniani kote wana kanuni moja, n+1. N ni zile ulizonazo, na idadi sahihi ni hiyo ukiongeza moja. Nunua mkuu.

Spoki Imara

Gia, kanuni hiyo haimsaidii mtu aliyekosa usingizi. Ina ukweli mmoja ndani yake: anayetegemea baiskeli kila siku anahitaji ya pili, ili siku habu iko mezani kwa fundi asitembee kwa miguu. Huyo ya pili anayo.

Fundi Habu

Mtoa mada, kila mtu anakuhesabia baiskeli na hakuna aliyekuuliza mambo mawili. Kwa nini Jumamosi? Na hii ya mbio uliyonayo, mara ya mwisho uliipanda lini?

Pedali Nzito

Jumamosi ni kwa sababu muuzaji ana wateja wengine. Ya mbio naipanda, ila siku hizi kidogo.

Fundi Habu

Kidogo kwa nini?

Pedali Nzito

Haya, niseme. Nikiipita saa moja goti linauma, upande wa mbele, chini ya kifuniko cha goti. Viganja navyo vinakufa ganzi. Ndiyo maana nataka ya changarawe, mkao wake umenyooka zaidi, nimesoma sana kuhusu hilo.

Na nimeshatoa nusu ya bei. Jumamosi namalizia na kuichukua. Ni ya mtu, si ya dukani. Saizi ni 56, lakini hilo nimeshalifikiria: nitaweka shingo fupi ya usukani na kusogeza siti mbele. Bei kama hiyo siipati tena. Kwa hiyo naomba tusirudi kwenye kama ninunue, tujadili idadi.

Mama Tandiko

Nusu ya bei umeshatoa, halafu unatuuliza kama uongeze?

Fundi Habu

Tulia Mama, tumsaidie. Mkuu, swali lako la idadi halijibiki mpaka goti lijibiwe, kwa sababu hilo goti utalihamishia kwenye baiskeli ya tatu.

Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanatokana na siti iliyo chini mno au iliyosogezwa mbele mno. Ya nyuma ya goti, siti iko juu mno au nyuma mno. Sasa angalia mpango wako: fremu ndefu kuliko mwili wako, halafu unasogeza siti mbele ili uufikie usukani. Unakwenda kulikanyagia goti palepale linapouma. Siti inapangwa kwa ajili ya miguu. Umbali wa usukani unarekebishwa kwa shingo, na shingo nayo ina mpaka: ukitoka sentimita 10 ukashuka 6 kwenye fremu isiyoundwa hivyo, usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba, hasa ukishuka mlima kwenye changarawe. Toka 52 hadi 56 fremu nyingi zinarefuka mbele kwa sentimita moja na nusu hadi mbili. Umbali huo kwa shingo peke yake ni mkubwa.

Leo jioni fanya hivi. Vua viatu, egemea ukuta, miguu iachane kama sentimita 15. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, mgongo wake juu, ukivute juu mpaka kikugandamize kama siti inavyokugandamiza. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono ya pedali) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Ni mahali pa kuanzia tu, unene wa soli na urefu wa krenki vinasogeza milimita kadhaa. Leta namba mbili: inayotakiwa na iliyopo.

Gia ya Juu

Ganzi ya viganja je? Nayo umeisahau fundi. Ncha ya siti ikiinama mbele mwili unateleza na mikono inabeba uzito. Aweke kipima usawa juu ya siti, ikae sawa na sakafu.

Pedali Nzito

Nitapima. Ila msiifanye hii baiskeli ionekane mbovu. Nanakili sifa zake muone ni kitu cha maana: fremu ya diski, nyuma ekseli ya kuskrubu ya milimita 12 kwa 142. Magurudumu ya klipu (ekseli ya kufungua kwa mkono) ya 135. Gia 12 nyuma, kaseti ya meno 10 hadi 51 kwenye habu ya kawaida ya Shimano HG. Breki za Shimano za mafuta, zimetoka kuwekwa mafuta mapya ya DOT. Nafasi ya tairi 45.

Mpima Ukweli

Wadau, mnapoteza muda. Huu uzi ni wa kutunga.

Gurudumu la klipu la 135 halikai kwenye fremu ya 12 kwa 142. Ekseli yake ina vichwa vinavyochomoza pande zote, na fremu ya ekseli ya kuskrubu ina tundu lililofungwa, haina mdomo wa kuingizia. Habu ya HG ya kawaida sproketi yake ndogo inaishia meno 11. Kaseti ya Shimano ya 10 hadi 51 inataka mfumo mwingine wa kuishika, Micro Spline. Breki za Shimano za mafuta zinatumia mafuta ya madini. DOT ni mafuta ya breki ya aina nyingine, na inavimbisha raba za ndani. Baiskeli hii haipo. Mtoa mada amekusanya maneno mtandaoni akaja kutuchezea, na hilo goti nalo silijui.

Spoki Imara

Ya ekseli nitaitetea kidogo. Habu nyingi zinabadilishwa kutoka 135 ya klipu kwenda 142 kwa kubadilisha vifuniko vya pembeni tu. Lakini hizo nyingine mbili hazina utetezi.

Mama Tandiko

Niliona mapema. Jumamosi, nusu ya bei, wateja wengine… hadithi ya kupanga.

Pedali Nzito

Sijatunga chochote. Nimenakili ujumbe wa muuzaji neno kwa neno. Mimi breki za mafuta sijawahi kumiliki, ningejuaje kuhusu DOT?

Fundi Habu

Mpima, umeona vizuri ila umemshika asiyehusika. Kwamba sifa hazilingani hakumfanyi muulizaji mwongo. Mkuu, baiskeli hii umeiona kwa macho?

Pedali Nzito

Picha mbili. Zote za upande wa kushoto.

Mpima Ukweli

Kama ni hivyo naondoa neno langu. Na nakuomba usimalizie malipo. Upande wa kushoto hauonyeshi kaseti, cheni wala mkono wa gia wa nyuma. Mwombe picha nne leo hii: kaseti kwa karibu, mwisho wa fremu pale ekseli ya nyuma inapoingia, kifuniko cha chombo cha mafuta kwenye mkono wa breki (akunje raba inayofunika mkono), na chini ya fremu kwenye krenki, ambako namba ya fremu huwa imegongwa mara nyingi. Namba ikiwa imesagwa au imepakwa rangi, usiiguse hata kwa bure. Inaweza kuwa ya wizi.

Pedali Nzito

Amejibu. Ametuma tatu, ya namba bado. Ekseli kweli ni ya 12, gurudumu lina vifuniko kama alivyosema Spoki. Kaseti imeandikwa 11-34. Anasema 10-51 ilikuwa ya baiskeli yake nyingine, alichanganya. Kifuniko cha mafuta kimeandikwa mafuta ya madini tu, lakini anashikilia kwamba fundi wake aliweka DOT na zinashika vizuri.

Nimepima pia. Kitabu kimetoa 79. Siti ya baiskeli yangu ya mbio iko 67.

Fundi Habu

79 kwa 0.883 ni 69.8. Uko chini karibu sentimita tatu, goti limepata maelezo yake. Usiipandishe yote mara moja. Milimita tano, panda siku mbili tatu, kisha tano nyingine. Kabla ya kupandisha angalia alama ya mwisho kwenye nguzo ya siti, isionekane nje ya fremu. Nyonga zikianza kuyumba kushoto na kulia umepita kiasi, shusha milimita tano. Na kila ukipandisha, hakikisha siti haijasogea mbele wala haijainama.

Breki: Shimano ya mafuta ya madini iliyoingizwa DOT huanza kwa kushika vizuri. Baadaye raba zinavimba, pistoni hazirudi, mkono wa breki unakuwa mzito au unazama. Kusafisha haitoshi. Mikono, mipira na kalipa zote zinabadilishwa. Vuta tone moja kwenye kitambaa cheupe: ya Shimano ina wekundu wa waridi, DOT haina rangi au ina umanjano wa asali, na inababua rangi ya fremu ikidondokea. Ikiwa ni DOT, ondoa bei ya seti nzima ya breki kwenye kilichobaki.

Pedali Nzito

Nimemwambia bila picha ya namba siendi, na nimeomba nusu yangu irudi. Hajajibu hadi sasa. Ila bado naitaka ya changarawe wakuu, ya 52 au 54. Hilo halijabadilika.

Spoki Imara

Itake, ina kazi ambayo mbili ulizonazo haziiwezi: changarawe ndefu kwa mwendo. Wakati unatafuta, ipe ile ya inchi 26 kazi ya kila siku. Matairi laini ya inchi 1.5 hadi 1.75 yenye alama 559 ubavuni (namba ya ringi ya inchi 26), madigadi, karia. Foku ya springi ukitaka kuitoa, weka ngumu yenye urefu uleule kutoka taji hadi ekseli, ukipima ile ya springi ikiwa imebonyea kwa uzito wako. Ukiweka fupi, pua ya fremu inashuka na usukani unakuwa mkali.

Gia ya Juu

Foku ya springi ambayo imekaa bila kupandwa, raba zinabadilishwa zenyewe au foku nzima? Naulizia yangu.

Fundi Habu

Raba peke yake, kama bomba za juu hazina mikwaruzo. Pitisha ukucha kwenye bomba kutoka juu kwenda chini. Ukikwama mahali, raba mpya zitakatwa hapo hapo.