Kamera inapita chini ya nyayo, halafu naambiwa sijui sinema!

Wakuu, hapa nilipo natetemeka kwa hasira. Yule bingwa wetu wa "sinema za kweli", mnamjua, sina haja ya kumtaja, wiki nzima anatupigia debe Azumi, ya Kijapani ya mwaka 2003. Nimechoma bando, nimekaa dakika 142 zote. Nikarudi na swali moja la kistaarabu, akanijibu: "Wewe rudi kwenye tamthilia zako za Kituruki."

Mimi?!

Swali lenyewe ni pambano la mwisho. Azumi, yule binti muuaji mwenye jina la sinema, kakutana na adui yake Bijomaru, yule wa nguo nyeupe na waridi lake. Panga zinagongana, mara kamera inaanza kuwazunguka kwa wima: inapita juu ya vichwa, inashuka chini ya miguu, inapanda tena. Inazunguka weee, mpaka nikashika meza! Nani kakatwa? Sioni. Panga liko wapi? Hilo, kamera inapita tena chini ya nyayo!

Kinachoniuma, hadithi walikuwa nayo. Mwanzoni vijana waliolelewa pamoja wanaambiwa kila mmoja asimame na rafiki ampendaye, kisha wauane. Azumi anamuua Nachi. Pale nilinyamaza, hata chai ikapoa. Baada ya hapo ni damu kuruka kama bomba limepasuka na watu kufyekwa kama majani. Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani, mwaka 1954 kwenye Seven Samurai kapiganisha watu kwenye mvua na tope, tena bila rangi, na unajua kila mtu kasimama wapi!

Eti tamthilia!

#2
Umeshika meza kwa kamera? Ukipanda boti ya Unguja si utamshika nahodha?

#3
Bingwa yuko sahihi. Lile zungusha ndilo utamu wenyewe. Ulitaka wakae wajadiliane?

#4 (mleta uzi)
CHINI YA NYAYO, mkuu. Unaona nini chini ya nyayo?

#5
Afadhali yako. Mimi niliangalia iliyotafsiriwa. Nachi anakata roho, DJ anayetafsiri anatoa salamu kwa muuza chipsi.

#6
Wa kwetu anakata robo saa ya mwisho ili ienee kwenye diski.

#7
Kumbe ndiyo maana! Miaka yote najua stering alikufa.

#8
Diski bado mnapata wapi? Deki yangu inakula vumbi tu.