MREJESHO: Osmosisi bila maabara, viazi vimenitoa

Wakuu, niliuliza namna ya kufundisha osmosisi (maji kupenya utando wa seli kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi) Kidato cha Pili wakati shule haina maabara. Ahsanteni sana, hasa aliyenishauri viazi mbatata. Tulikata vipande vyembamba, vingine tukaloweka kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Nina vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo muda ulitosha. Vya chumvi vililegea, unavikunja kama mpira. Vya maji matupu vikakakamaa, ukipinda tu, ko! Wanafunzi wakaanza kubishana wenyewe maji yametoka wapi kwenda wapi.

Jaribio jingine la osmosisi, yai la kulowekwa kwenye siki, ndilo limenishinda. Ganda liliyeyuka vizuri, ila mayai mengi yalipasuka mikononi mwao, na harufu yake mnaijua. Mwenye darasa kubwa aanze na viazi.