Familia inataka picha za marehemu baba yao ziondolewe mtandaoni: maktaba ifuate utaratibu gani?

Mkutubi wa Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Ninahudumu katika maktaba ndogo ya jamii hapa Kisumu. Kwa muda sasa tumekuwa tukiweka mtandaoni picha za kale za mji: bandari, stesheni ya reli, soko la Kibuye, harusi, sherehe za shule. Nyingi zilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha mjini. Kabla hajafariki alituletea negativu zake ndani ya kopo la biskuti, zikiwa zimeviringishwa kwenye vipande vya gazeti, pamoja na picha zilizosafishwa ambazo mgongoni zina muhuri wa studio wa wino wa zambarau. Alitukabidhi kwa mdomo, mbele ya mwenyekiti wetu, na hakuna karatasi yoyote iliyotiwa sahihi.

Juma lililopita binti yake alituandikia akitaka picha zote ziondolewe. Anasema baba yake hakumpa mtu yeyote haki ya kuzisambaza, na kwamba ameziona kwenye kalenda inayouzwa madukani. Siku ya pili yake tukapokea barua pepe ya mtu mwingine anayejitambulisha kuwa wakala, akidai kwamba picha 40 kati ya hizo ni mali ya wateja wake, bila kutaja hata moja. Mwenyekiti ananihimiza nifute kila kitu kabla hatujashtakiwa. Nimesita, kwa sababu wapo watu wanaosafiri kutoka Seme na Nyakach kuja kutafuta sura ya bibi au babu ambaye nyumbani hakuacha picha hata moja. Je, maombi haya mawili yana uzito sawa? Na je, tukiondoa, tunaondoa kwa namna gani?

Mhifadhi, Nakuru

Mkutubi mwenzangu, pole kwa mzigo huo. La kwanza na la haraka ni kuficha bila kufuta, kwa maana hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na nimejifunza tofauti yake kwa uchungu. Katika taasisi moja nilikofanya kazi zamani tulipokea ombi la kuondoa tasnifu, na kwa hofu tukafuta faili pamoja na maelezo yake yote. Baadaye mwandishi halisi akatuandikia akiuliza kazi yake imekwenda wapi, kumbe aliyeomba iondolewe hakuwa yeye. Diski tuliyodhani ina nakala ilikuwa imeharibika, nasi tukabaki kumwomba radhi mtu ambaye hakuwa amekosea lolote.

Tangu hapo ninaweka daftari. Kila ombi linapata namba, tarehe na saa lilipofika, jina la mwombaji, kiungo cha kitu anacholalamikia, na hatua tuliyochukua. Mwombaji anajibiwa siku hiyo hiyo kwamba barua yake imefika, hata kama uamuzi utachukua muda. Ikiwa mnatumia DSpace, programu ya kuhifadhi na kuonyesha kazi mtandaoni, kama vyuo vingi vya hapa nchini, msimamizi anaweza kukiondoa kitu machoni pa wasomaji huku faili likibaki salama ndani, na anayefungua kiungo cha zamani akakuta taarifa kwamba kimeondolewa. Taarifa hiyo ni muhimu, kwa sababu mtafiti aliyekwisha kunukuu kiungo chenu hapaswi kukuta ukuta mtupu.

Kisha tafuteni nakala zilizotawanyika. Picha kubwa ikifichwa, mara nyingi kijipicha chake kidogo hubaki kwenye ukurasa wa matokeo ya utafutaji, na pengine mliibandika pia kwenye ukurasa wenu wa Facebook wakati wa maonyesho. Binti akiikuta huko baada ya ninyi kumwandikia kwamba mmeiondoa, hatawaamini tena, na atakuwa na haki.

Kuhusu yule wakala, mwombeni viungo vya picha anazodai na ushahidi wa umiliki. Msifiche chochote kwa ajili yake hadi atakapovileta.

Wakili, Kakamega

Nakubaliana na Mhifadhi kuhusu daftari, lakini sheria yenyewe inahitaji kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka utaratibu wa ilani ya kuondoa. Ilani hiyo huwa ya maandishi, yenye sahihi, jina na anwani ya mlalamikaji, ikieleza kazi inayolindwa na kuonyesha kiungo kamili, tena ikiambatana na tamko la kiapo kuhusu umiliki na nia njema. Mtoa huduma za intaneti akipokea ilani kamili anapaswa kumjulisha aliyeweka kitu hicho, na kukifunga ndani ya saa 48 za kazi asipopata ilani ya pingamizi. Kuleta ilani ya uongo ni kosa la jinai. Barua ya wakala wenu haijakaribia kiwango hicho.

Hata hivyo msijiegemeze mno kwenye utaratibu huo. Umekusudiwa hasa wale wanaohifadhi vitu vilivyopakiwa na wengine, ilhali ninyi ndio mliopakia. Barua ya binti haina kiapo, lakini anaweza kuwa na haki kamili. Jueni pia kwamba ilani inaweza kupelekwa kwa kampuni inayohifadhi tovuti yenu, nayo isipopata maelezo yenu kwa wakati inaweza kufunga zaidi ya zile picha.

Sasa, nani mwenye haki? Kopo la negativu ni mali inayoshikika, nalo lingeweza kutolewa kwa mdomo. Hakimiliki haihamishwi hivyo: sheria inadai maandishi yenye sahihi ya anayeitoa. Kwa hiyo mna kopo, ila hamna haki ya kuchapisha kwa sababu tu mna kopo. Lakini binti naye huenda hana haki juu ya zote. Kazi iliyoagizwa na mteja, kama picha za harusi, kwa kawaida hakimiliki yake humwendea aliyeagiza, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Isitoshe, picha hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, au ilipochapishwa mara ya kwanza, ikihesabiwa tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Picha iliyopigwa na kuchapishwa gazetini mwaka 1968 ulinzi wake uliisha mwishoni mwa 2018. Negativu ya mwaka huo huo ambayo haikuonekana na umma haiwezi kuhesabiwa kirahisi namna hiyo, na hapo ndipo ningewashauri muifiche kwanza, kisha muulize Bodi ya Hakimiliki.

Mjukuu, Bungoma

Bwana Wakili ameeleza vyema, ila naomba maelezo hayo yasitumwe kwa yule binti kama majibu yenu ya kwanza. Aliona kazi ya mikono ya baba yake ikiuzwa kwenye kalenda, wala hakuna aliyemuuliza. Mpigieni simu, mwende nyumbani kwake, mumweleze kwamba kalenda si yenu kama kweli si yenu, na mumwonyeshe ni nani hasa anayezitazama picha hizo pale maktabani.

Mkutubi wa Kisumu

Nawashukuru kwa dhati. Leo asubuhi nimelimwaga kopo mezani na kusoma migongo ya picha moja baada ya nyingine. Zenye jina la mteja na tarehe ya harusi nimezitenga peke yake, zilizowahi kuchapishwa magazetini nazo peke yake, na negativu ambazo hazikuwahi kusafishwa nimezificha zote mtandaoni jioni hii, pamoja na vijipicha vyake. Wakala nimemwandikia kumwomba viungo na kiapo. Mwenyekiti amekubali tusifute kitu. Nimezungumza na binti kwa simu, naye ametukaribisha Jumamosi, na amesema nije na lile kopo kwa sababu hajaliona tangu akiwa mtoto.

Bwana Wakili, kama una nafasi, ningeomba unisaidie kuandaa karatasi ya ruhusa ya ukurasa mmoja, itakayotenga waziwazi kuonyesha picha maktabani, kuziweka mtandaoni, na kuziuza, ili atie sahihi pale tu anaporidhika.