Spika za masikioni zinakata sauti, muuzaji anasema simu yangu ndiyo mbovu

Wakuu, habari za jioni. Nimevumilia wiki tatu, leo nimechoka na naandika nikiwa na hasira.

Nilinunua spika za masikioni zisizo na waya pale Kariakoo, shilingi 85,000. Nyuma ya risiti muuzaji ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "waranti miezi 6". Sikuzinunua kwa ajili ya muziki. Kazi yangu ni kusikiliza: watafiti wananitumia mahojiano waliyorekodi vijijini, nayaandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika.

Siku ya nne tu zikaanza. Mzee mmoja anaeleza ugomvi wa shamba, anasema "marehemu baba alituachia ekari..." kimya. Ya kushoto imekata. Sekunde tano, sita, inalia "tii", inarudi, mzee ameshafika mahakamani. Narudisha nyuma. Dakika kumi haziishi, inakata tena. Rekodi ya saa moja ambayo huwa naimaliza kwa saa nne sasa inakula siku nzima.

Nikarudi dukani. Hakuzigusa hata kidogo. "Dada, simu yako ya zamani hiyo, Bluetooth imechoka." Nikasema sawa, nisije nikamsingizia mtu, ngoja nipime mwenyewe.

Nikaanza na usafi. Vile vidoti vya chuma vya kuchajia nikavifuta kwa pamba yenye spiriti kidogo, maana jasho likikauka pale spika haipati chaji vizuri. Wavu nikausugua kwa mswaki mkavu, ingawa nta ya sikio hufifisha sauti, haiikati ghafla na kuirudisha. Nikafuta muunganisho kwenye simu, nikaziriseti, nikaziunganisha upya. Nikazima na kile kipengele cha kubana betri, kwa sababu simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Lakini hapo sauti ingekata masikio yote mawili. Yangu ni kushoto tu.

Nikaja kwenye mawimbi. Bluetooth na Wi-Fi nyingi zinatumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na oveni ya maikrowevu nayo imo humo humo. Bluetooth hurukaruka chaneli ili kukwepa msongamano, ila pakijaa sana nayo huzidiwa. Nikazima Wi-Fi. Tena mwili wetu una maji mengi na maji huyameza mawimbi hayo, kwa hiyo simu ikiwa mfuko wa nyuma, sikio la upande wa pili linaweza kukosa sauti. Kama zako zinakata ukiwa unatembea tu, hamisha simu mfuko kwanza, huenda spika hazina kosa. Mimi nakaa kwenye kiti, simu iko mezani mbele ya macho yangu.

Bado inakata.

Ndipo nikafanya kile ambacho yule muuzaji angekifanya kwa robo saa kama angejali. Nikaziunganisha na simu mpya ya kaka yangu, halafu na kompyuta. Kote kushoto inakata, kulia haijakata hata mara moja. Nikaazima spika za jirani, nikaziunganisha na hii simu yangu "iliyochoka": saa mbili nzima, sauti imetulia. Nikaanza kufuatilia asilimia za chaji. Ya kulia inashuka taratibu. Ya kushoto inasoma 70, ukitazama tena ni 20, halafu inazima. Betri ya upande ule ni mbovu na ilikuja hivyo kutoka dukani. Nimerekodi video, simu zote mbili zinaonekana.

Nikampelekea. Hakuimaliza video. Safari hii wimbo umebadilika: "Zimeingia jasho, waranti haihusu jasho." Jasho la wapi, mtu nimekaa mezani? Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, na kuniambia ana ya kushoto peke yake, niongeze 30,000 anipe. Yaani ninunue mara ya pili kitu alichoniuzia kikiwa kibovu!

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko sauti yenyewe. Kitu kibovu kinaweza kumtokea muuzaji yeyote. Lakini kuandika miezi 6 kwa kalamu yako, ukapokea hela, kisha umlaumu mteja na simu yake bila hata kukigusa kitu, huo ni utapeli.

Sitaki punguzo. Nataka ya kushoto nzima au hela yangu yote. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo mlangoni pake na risiti na video. Akikataa, nakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji pia. Aliyewahi kupeleka malalamiko kule aniambie alibeba karatasi gani. Mrejesho nitauleta hapa hapa.