Tupeane uzoefu: uliyeacha pampu ya petroli ukahamia sola au umeme, shamba lilikuambiaje?

MzeeWaMatuta
Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari moja na nusu ya nyanya Ilula, Iringa, na pampu ya petroli ya inchi mbili ambayo imeshanichosha. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei ya mafuta, nafungua simu moyo ukidunda kama mtoto anayesubiri matokeo ya fomu foo. Mwaka 2022 lita ilipopita 3,000 niliacha matuta manne yakauke huku nayaangalia. Maji yalikuwepo kisimani, hela ya kuyatoa ndiyo haikuwepo.

Sasa jirani ananiambia weka sola. Shemeji naye anasema nguzo ya REA, ule umeme wa vijijini, iko hapo barabarani, vuta umeme uachane na mambo ya jua. Maneno ya wauzaji nimeyasikia, yametosha. Namtaka aliyetoa hela mfukoni mwake aseme alichokutana nacho. Karibuni.

BintiRuvu
Mkuu, mimi niko Bagamoyo, matikiti na bamia, mwaka wa tatu na sola. Nikupe kisa changu, kinaweza kukuokolea hela.

Nilifunga Desemba. Paneli sita juu ya fremu ya chuma, pampu ya kuzamisha kisimani, tanki la lita 5,000 kwenye mnara. Maji yalikuwa yanaruka mpaka watoto wanaoga. Nikamtumia picha kila ninayemjua. Kufika Juni, jua kali, mbingu nyeupe kabisa, maji yanatoka kama mkojo wa mbuzi. Nikasema pampu ndiyo inaaga hivyo. Fundi aliyeifunga akaja, akapiga nyundo hapa na pale, akasema mota imechoka, nunua nyingine. Nikaanza kuuza kuku.

Aliyeniokoa ni kijana wa fundi umeme mtaani, alipita kuchukua bamia. Akasimama, akatazama kivuli chake, akatazama paneli. "Mama, mbona hizi zinaangalia kusini?" Kumbe yule fundi alijifunza kwa video za Ulaya, na huko jua liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko chini ya Ikweta. Desemba jua linapita kusini kwetu kidogo, kwa hiyo kosa halikuonekana. Juni limekwenda kaskazini, paneli zimelipa mgongo. Tulifungua boliti, tukageuza fremu, tukapunguza mwinamo. Kazi ya asubuhi moja. Maji yakarudi. Kuku waliobaki nimewaacha wazeeke.

Gharama? Kununua inauma. Baada ya hapo kazi yangu ni kufuta vumbi tu, na kulikata tawi la mwembe linaloleta kivuli saa tisa. Usidharau hicho kivuli. Kikigusa paneli moja, zote zilizoungwa nayo zinalegea.

Mkodishwaji
Nyie mnaozungumzia mnara na fremu ya chuma mna hati za ardhi. Mimi nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni kwenye shamba la watu, nakodi kwa msimu. Nichimbie nguzo kwenye ardhi ya mtu? Mwaka unaofuata ananiambia mwanangu amerudi kutoka mjini, anataka kulima. Kisima kimebaki kwake, mnara umebaki kwake, mimi nimebaki na deni.

Nilichofanya: nilinunua pampu ndogo ya sola, paneli tatu, nikazifunga kwenye mkokoteni. Asubuhi nasukuma, jioni narudisha. Usiku zinalala ndani, nyuma ya kitanda. Mke wangu anasema nina wake wawili. Inamwagilia robo ekari kwa taabu, sehemu iliyobaki bado ni pampu ya mchina ya petroli.

Kuna la mtoni pia. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Zamani ukisikia bwana mazingira anakuja unabeba pampu begani unatembea. Paneli zinamulika kama kioo cha kinyozi, zinaonekana kutoka ng'ambo. Sisemi sheria ni mbaya, mto umepungua kwa macho yangu mwenyewe. Nasema tu anayelima mbali na mto anahitaji mpira mrefu, na mpira mrefu unakula nguvu ya pampu.

Uniti75
Mimi nilivuta umeme. Kijijini kuunganishiwa ni 27,000, ukisikia hivyo unaona bure. Nyumbani nilikuwa kwenye tarifa ya watumiaji wadogo, uniti shilingi 100 kabla ya kodi, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Nikafunga pampu ya hospawa moja na nusu kwenye mita hiyohiyo ya nyumbani. Piga hesabu: saa nne kwa siku ni kama uniti nne na ushee, kwa mwezi zaidi ya 130. Nikahamishwa tarifa, uniti ikawa 292 kabla ya kodi, na si ya pampu peke yake. Hadi taa ya chooni na pasi ya mke wangu zinalipa bei ya shamba. Ningeanza upya ningeomba mita ya shamba mbali na ya nyumba.

Hata hivyo petroli sirudi. Kinachonisumbua ni kwamba niko mwisho wa laini. Jioni watu wakiwasha taa na runinga, umeme unakuwa mdogo, mota inaunguruma haizunguki. Ya kwanza iliungua hivyo. Sasa namwagilia alfajiri, na nimefunga kifaa cha kukata umeme ukishuka. Mgao wa umeme wa 2023 ulinikuta na miche ya hoho kitaluni. Nilibeba maji kwa ndoo wiki mbili, mgongo bado unakumbuka.

Wa Makueni
Hamjambo majirani. Huku Kenya tumeyumbishwa kidogo: VAT ilirudishwa kwenye vifaa vya sola 2020, 2021 ikaondolewa tena. Aliyenunua katikati alilia. Mimi nilichukua pampu ya kulipa pole pole kwa simu, nikimaliza ni yangu. Usipolipa wanaizima kutoka ofisini kwao. Unaamka, jua linawaka, pampu kimya.

Lakini jambo la kusema ni maji. Nikitumia petroli nilikuwa mbahili. Kila dakika ya injini niliiona kama shilingi inadondoka, nikaenda na jembe kuziba mfereji unaovuja. Sola ilipokuja niliwasha asubuhi, nikaenda sokoni, nikarudi saa kumi tanki linafurika, maji yanatiririka hadi njiani. Nani angejali? Ni bure. Majirani watatu wakaweka pia. Msimu wa pili kisima changu, ambacho babangu alichimba kwa mkono, kilianza kutoa tope ikifika saa sita. Cha mama mzee wa hapo chini, ambaye hana pampu wala nini, kilikauka kabisa. Alikuja na mtungi wake mtupu, akauweka mlangoni kwangu, akaenda bila kusema neno.

Tulikaa kwa mzee wa kijiji. Siku hizi tunaenda kwa zamu, kila mtu siku zake, na mimi nimefunga boya kwenye tanki, likijaa pampu inajizima. Yule mama tunamjazia mtungi kwanza. Nimeweka pia mipira ya matone, na kusema kweli hiyo ndiyo imenisaidia kuliko hizo paneli.

Kibaha2021
Niliweka sola 2021. Mwaka 2024 ndugu wakakubaliana shamba lipimwe viwanja. Sasa paneli ziko juu ya bati, zinachaji simu za mtaa mzima. Pampu ninayo, anayetaka anitumie ujumbe wa faragha.

FundiBomba
Mleta mada, hujasema kisima chako kina kina gani. Hilo ndilo la kwanza kabla ya watt na bei. Pampu inayokaa juu, ya petroli, ya umeme au ya sola, hainyonyi kwa uhakika zaidi ya mita saba hivi. Maji yakiwa chini ya hapo unahitaji ya kuzamisha. Pima Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Ukipima Machi utadanganyika.

MzeeWaMatuta
Aisee. Nilikuwa nimeshapanga Jumamosi niende Iringa mjini kulipia. Nimerudi kisimani jioni hii na kamba na jiwe. Juu hadi maji ni pima tano za mikono yangu, kama mita tisa, na ni mwezi wa tano huu, mvua ndiyo zimeisha. @Wa Makueni, hilo boya la tanki ulilinunua au ulitengenezesha? Na @Kibaha2021, hiyo pampu ni ya juu au ya kuzamisha?